Charlie Christian na Wenzake: Mpiga Gitaa, Vikao vya Usiku na Mashine ya Mwanafunzi

1. Utangulizi

Neno jazi halikuingia nchini Kongo kwa njia ya vitabu. Liliingia kwa njia ya santuri, redio na kumbi za dansi, likakaa katika majina ya bendi kabla ya watu wengi kuuliza maana yake. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka wa 1953. OK Jazz, ambayo Franco alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilizaliwa mwaka wa 1956. Bendi hizo hazikupiga muziki uleule wa Wamarekani weusi. Zilichukua jina, zikalivika muziki wao wenyewe. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo muziki wa huku na wa kule ulikuja kufanana: gitaa la umeme likasimama mbele ya bendi, likasema kama msemaji wa baraza.

Gitaa halikuwa na cheo hicho tangu mwanzo. Katika bendi kubwa za jazi za Marekani, katika miaka ya 1930, lilikuwa chombo cha nyuma. Mpigaji alishika mwendo pamoja na ngoma na besi, wala sauti yake haikuweza kushindana na tarumbeta na saksafoni. Walikuwapo wapigaji hodari waliojaribu kulitoa huko nyuma. Lakini aliyewashawishi wanamuziki kwamba gitaa la umeme ni chombo kamili cha jazi, chenye haki ya kubuni sauti zake papo kwa papo kama saksafoni, alikuwa kijana wa Oklahoma City aitwaye Charlie Christian. Alizaliwa mwaka wa 1916, akafa mwaka wa 1942, kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita.

Maisha ya Christian husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kipaji kilichotokea jangwani: kijana maskini asiyejulikana, tajiri anayemgundua, mkuu wa bendi anayeshangaa, kisha kifo cha mapema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba masimulizi ya namna hiyo yanaficha jambo kubwa. Katika kila hatua ya maisha yake, Christian alikuwa amezungukwa na wenzake: waliomfundisha, waliomtangaza, waliompa mahali pa kupiga. Na hata sehemu ya muziki wake ambayo wataalamu wanaithamini kuliko zote isingalibaki, kama si shabiki mmoja aliyebeba mashine. Swali ni hili: sanaa inayopigwa kwa sikio bila kuandikwa, nani huitengeneza, na nani huiokoa isipotee?

2. Nyumba ya baba na mtaa wa Deep Deuce

Charlie Christian alizaliwa tarehe 29 Julai 1916 mjini Bonham, katika jimbo la Texas. Alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa yake ilihamia Oklahoma City. Baba yake, Clarence, alikuwa mwanamuziki. Alipopofuka, muziki ukawa ndio riziki ya nyumba. Baba na watoto wake wa kiume, Edward, Clarence na Charlie, walikuwa wakizunguka katika mitaa ya wenye mali, wakipiga na kuimba mbele ya nyumba za watu ili wapate fedha au chakula. Mdogo wao Charlie mwanzoni alicheza ngoma tu, hali wengine wakipiga. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Charlie alivukuta kwanza, kisha akasana. Baba alipofariki, vyombo vyake vilibaki mikononi mwa watoto.

Shule nayo ilikuwa na sehemu yake. Watoto weusi wa mji ule, uliotenganishwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi, walisoma katika shule iliyoitwa Douglass. Hapo mwalimu Zelia Breaux alisimamia mafundisho ya muziki kwa nidhamu kubwa. Mama huyo alikuwa pia mmoja wa wenye ukumbi wa Aldridge, ambapo wanamuziki weusi mashuhuri walikuja kupiga. Mwandishi Ralph Ellison, aliyechapisha riwaya ya Invisible Man mwaka wa 1952, alisoma katika shule hiyohiyo na alikuwa rafiki wa Edward, kaka yake Charlie. Mwaka wa 1958 Ellison aliandika makala juu ya Christian. Alikumbuka jinsi kijana huyo alivyotengeneza magitaa kwa masanduku ya sigara katika darasa la kazi za mikono, na jinsi wenzake walivyostaajabia akordi, yaani sauti kadhaa zilizolia pamoja, alizozitoa katika vyombo hivyo duni.

Ushahidi huu wa Ellison una uzito wa pekee. Unaonyesha kwamba Christian hakulelewa katika ukiwa wa elimu. Alilelewa na jamii iliyokuwa na shule, ukumbi, kanisa na mtaa wa starehe, ambapo nyimbo za blues na muziki wa wataalamu wa Ulaya vilisikika katika nyumba moja. Jamii hiyo haikuandikwa sana katika magazeti ya siku zile, kwa kuwa magazeti makubwa hayakuwa yake. Kutoandikwa si kutokuwapo.

Mtaa wa starehe uliitwa Deep Deuce, nao ulikuwa katika barabara ya pili ya upande wa mashariki wa mji. Usiku, baada ya kazi rasmi kwisha, wanamuziki walikutana pale wapige pamoja, kila mmoja akionyesha ujuzi wake. Inasimuliwa kwamba Edward, aliyekuwa na bendi yake, hakumhesabu mdogo wake kuwa mwanamuziki wa kweli. Mpiga gitaa mmoja wa mjini, Ralph Hamilton, akamchukua Charlie kwa siri, akamfundisha kupiga peke yake katika nyimbo tatu zilizopendwa wakati ule: Rose Room, Tea for Two na Sweet Georgia Brown. Ulipofika usiku waliouchagua, wenzake wakamwomba Edward amruhusu kijana apige wimbo mmoja. Edward hakutaka, akidhani mdogo wake anajua blues za zamani tu. Charlie akapiga wa kwanza, watu wakadai wa pili, kisha wa tatu. Naye akaweka gitaa chini na kuondoka kimya. Habari zikamtangulia nyumbani kwa mama yake.

Masimulizi hayo yana ladha ya hadithi za jioni, na huenda yaliongezwa chumvi kidogo kadiri yalivyorudiwa. Hata hivyo, wimbo wa Rose Room unafaa kukumbukwa. Utarudi mbele, tena mahali pasipotazamiwa.

3. Gitaa lapata sauti

Sikio la Christian halikufuata wapiga gitaa pekee. Karibu na mwaka wa 1929, mpiga saksafoni Lester Young alikuwa akipita Oklahoma City, naye alipiga sentensi ndefu za muziki zilizotiririka bila haraka. Wale wanaochunguza upigaji wa Christian wanasikia humo mfano wa Young: mstari mmoja wa sauti unaokwenda mbele, unaopumua, badala ya akordi nzito za kushika mwendo. Kwa maneno mengine, alijifunza gitaa kutoka kwa saksafoni.

Lakini mstari wa namna hiyo haukuweza kusikika katika gitaa la kawaida. Ufumbuzi ulipatikana kwa ufundi. Mwaka wa 1936 kampuni ya Gibson ilianza kuuza gitaa la aina ya ES-150. Chini ya nyuzi zake kiliwekwa kifaa cha sumaku kilichogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Umeme huo ulikuzwa na kutolewa katika spika. Eddie Durham, mpiga tromboni na gitaa aliyekuwa mmoja wa watangulizi wa gitaa la umeme katika jazi, alieleza kwamba alikutana na Christian mwaka wa 1937. Tangu hapo gitaa la umeme likawa chombo cha kijana huyu, hata kile kifaa cha sumaku cha Gibson kikaja kuitwa kwa jina lake miongoni mwa mafundi.

Mwaka wa 1938 Christian alikuwa akisafiri na bendi ya Alphonso Trent katika majimbo ya kati. Walipokuwa mjini Bismarck, North Dakota, binti mmoja mpiga gitaa, Mary Osborne, alikwenda kuwasikiliza. Kabla ya kuingia ndani alidhani anasikia saksafoni iliyokuzwa kwa namna ya ajabu. Alipoona ni gitaa, alijua mara moja anachokitaka. Akanunua gitaa la aina ileile, akasuhubiana na Christian na kujifunza kwake. Baadaye Osborne alikuwa mmoja wa wapiga gitaa walioheshimiwa mjini New York. Kisa chake kinaonyesha jinsi elimu hii ilivyopita kwa wepesi: usiku mmoja wa kusikiliza, duka la vyombo, na mwenye ujuzi asiyekuwa mchoyo.

4. Usiku wa Agosti 1939

Jina la Christian lilianza kutembea katika vinywa vya wanamuziki kabla ya yeye mwenyewe kutoka kwao. Mpiga piano Mary Lou Williams, aliyekuwa na uzito mkubwa katika muziki wa Kansas City, alimweleza John Hammond juu yake. Hammond, aliyezaliwa mwaka wa 1910 katika ukoo wa matajiri wa New York, alikuwa mpenzi wa jazi aliyetumia fedha na ushawishi wake kutafuta wanamuziki, kurekodi muziki wao na kupinga ubaguzi wa rangi katika bendi. Mwezi wa Agosti 1939, akiwa njiani kwenda Los Angeles, alipitia Oklahoma City, akamsikia Christian, akaamua kwamba mkuu wa bendi Benny Goodman lazima amsikie.

Goodman alikuwa mpiga klarineti aliyependwa kuliko wengi katika Marekani ya wakati ule. Yeye, mzungu, alikuwa amekwisha kuwaweka wanamuziki weusi katika vikundi vyake vidogo: Teddy Wilson, mpiga piano, na Lionel Hampton, mpiga vibrafoni. Lakini hakuvutiwa na habari za mpiga gitaa la umeme. Tarehe 16 Agosti 1939 bendi yake ilikuwa ikipiga katika mkahawa wa Victor Hugo, huko Beverly Hills. Wakati Goodman akila chakula cha jioni, Hammond, akisaidiwa na mpiga besi Artie Bernstein, aliingiza kikuza sauti cha Christian jukwaani bila ruhusa. Goodman aliporudi na kumwona mgeni, hakutaka kufanya ugomvi mbele ya watu. Akaita wimbo ambao, kwa kadiri ilivyoaminiwa, alidhani kijana huyu wa mbali hataujua. Wimbo huo ulikuwa Rose Room.

Christian aliujua. Ulikuwa mmoja wa zile nyimbo tatu za Deep Deuce. Alipopewa nafasi, akabuni mafungu mengi mfululizo bila kurudia, na wimbo uliozoea kwisha katika dakika chache ukaendelea kwa dakika arobaini na zaidi. Goodman akamwajiri.

Sehemu kubwa ya habari za usiku ule imetoka kwa Hammond mwenyewe, ambaye alipenda kumweleza Christian kama kijana wa mkoani aliyevaa mavazi ya rangi kali na kuwachekesha watu wa mjini. Mwanahistoria hana budi kuzipima habari hizo. Kwamba Hammond alitenda jambo kubwa, hakuna ubishi. Bila yeye mlango usingalifunguka wakati ule. Lakini anayefungua mlango hupenda kueleza kwamba nje palikuwa na giza. Ushahidi wa Ellison na kisa cha Hamilton vinasahihisha picha hiyo. Mtu aliyesimama jukwaani Beverly Hills alikuwa amefunzwa na mji mzima, na kabla ya Hammond kumsikia, Mary Lou Williams alikuwa amekwisha kumtambua.

5. Dakika tatu za mchana, saa nyingi za usiku

Kuanzia Oktoba 1939 Christian alirekodi na kikundi cha watu sita cha Goodman. Tarehe 2 ya mwezi huo walinasa Flying Home, Rose Room na Star Dust. Mwezi wa Desemba makala iliyotolewa chini ya jina lake katika gazeti la DownBeat iliwahimiza wapiga gitaa watumie umeme ili wasikike. Tarehe 24 mwezi huohuo alipiga katika Carnegie Hall mjini New York, katika tamasha la muziki wa watu weusi lililoandaliwa na Hammond. Tarehe 4 Machi 1941 alirekodi Solo Flight, ambamo bendi nzima ya Goodman inalitumikia gitaa lake tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, santuri za siku zile zilikuwa na mpaka usiovukika. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Katika kikundi cha watu sita, kila mmoja akitaka kusikika, mpiga gitaa alibakiwa na sekunde chache. Anayemjua Christian kwa santuri hizo anamjua kama mtu anayesikilizwa kupitia dirisha linalofungwa upesi.

Mlango wenyewe ulikuwa kwingine. Mwaka wa 1938 mpiga saksafoni Henry Minton alifungua klabu katika mtaa wa 118 huko Harlem, ikaitwa Minton's Playhouse. Mwaka wa 1940 alimkabidhi uendeshaji Teddy Hill, aliyekuwa mkuu wa bendi. Hill akaweka bendi ndogo ya nyumbani: Kenny Clarke katika ngoma, Thelonious Monk katika piano, Nick Fenton katika besi na Joe Guy katika tarumbeta. Siku za Jumatatu aliwakaribisha wanamuziki wa ukumbi wa Apollo kwa chakula, nao wakaja wapige. Chama cha wanamuziki kilikuwa kikiwatoza faini wanachama waliopiga bila malipo katika vikao vya namna hiyo. Lakini Minton alikuwa amewahi kuwa mjumbe wa chama, na klabu yake ilipata nafuu kwa ajili ya cheo chake.

Christian akawa mmoja wa wenyeji. Akimaliza kazi ya Goodman, alikwenda Harlem na kupiga hadi klabu inafungwa. Hill akamnunulia kikuza sauti cha kukaa palepale, ili asibebe kingine kila usiku. Hapo hapakuwa na saa ya santuri wala watu wa kucheza dansi wanaotaka wimbo waliouzoea. Clarke alikuwa amehamisha mapigo ya kushika mwendo kutoka ngoma kubwa ya mguu hadi kwenye toazi, hivyo mkono na mguu wake vikawa huru kumjibu mpigaji. Monk aliweka akordi zisizotazamiwa. Christian alipita juu yake kwa mistari mirefu iliyoanza na kwisha mahali ambapo sikio halikutegemea. Dizzy Gillespie naye alihudhuria vikao hivyo. Muziki uliotokana nao uliitwa baadaye bebopu, nao ukabadili jazi yote.

Kwa hiyo, kumwita Christian mwanzilishi pekee ni kukosa, na kumwacha nje ya waanzilishi ni kukosa vilevile. Vikao vya Minton's vilikuwa baraza. Katika baraza hakuna anayeweza kusema neno fulani lilitoka kwake peke yake, maana kila neno ni jibu la neno jingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6. Mashine ya Jerry Newman

Vikao hivyo vingalipotea kabisa. Kampuni za santuri hazikuona biashara katika muziki wa usiku wa manane. Tena tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwakataza wanachama wake kurekodi, kwa sababu ya ugomvi wa malipo, na kampuni kubwa za Columbia na Victor hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Miaka ileile ambayo bebopu ilikuwa ikikua, studio zilikuwa karibu kimya.

Aliyeokoa sehemu ndogo alikuwa Jerry Newman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia na mpenzi wa jazi. Alikuwa na mashine ya kubebeka iliyochonga sauti moja kwa moja katika sahani. Mwezi wa Mei 1941 aliipeleka Minton's, akaiweka karibu na jukwaa, akanasa yaliyopigwa. Hakuwa mtaalamu wa studio. Katika sahani zake watu wanazungumza, bilauri zinagongana, na mara nyingine wimbo umekwisha kuanza kabla ya sindano kushuka. Lakini humo Christian anasikika kwa mara ya kwanza akiwa na wakati wa kutosha. Katika kipande kimoja kinachozidi dakika nane, anabuni fungu baada ya fungu, Clarke akimjibu kwa ngoma, hata msikilizaji anaelewa kwamba zile sekunde za santuri za Goodman zilikuwa ni utangulizi tu.

Kipande hicho kinajulikana leo kwa jina la Swing to Bop, na jina hilo lenyewe ni somo kwa wanaochunguza lugha na historia. Kwa asili ni wimbo uitwao Topsy, ulioandikwa na Eddie Durham pamoja na Edgar Battle na kurekodiwa na bendi ya Count Basie mwaka wa 1937. Sahani za Newman zilipotolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, kipande kilipewa jina jipya linalosema kwamba muziki ulikuwa ukihama kutoka swingi kwenda bebopu. Lakini mwezi wa Mei 1941 hakuna aliyekuwa chumbani humo aliyejua kwamba anahama. Walikuwa wakipiga Topsy. Jina la baadaye limekuwa ushahidi wa wakati ambao halikuwamo. Ndivyo zinavyofanya istilahi nyingi za historia: huja baada ya tukio, kisha hujifanya zilikuwa mashahidi.

Aidha, jina jipya lilimfunika Durham, yuleyule aliyemtangulia Christian katika gitaa la umeme. Shabiki alihifadhi sauti. Waliozitoa sahani wakampoteza mtunzi. Hifadhi bila maelezo sahihi ni nusu ya hifadhi.

7. Seaview

Haifai kuusifu urafiki wa usiku bila kutaja gharama yake. Christian alikuwa na kifua kikuu. Kazi ya safari pamoja na Goodman, kisha kukesha Harlem, havikumpa mwili wake nafasi ya kupumzika. Wenzake waliompenda walikuwa ndio hao waliofurahi kumwona akiingia Minton's saa nane za usiku. Katikati ya mwaka wa 1941 alilazimika kuacha kazi, akalazwa katika hospitali ya Seaview, kisiwani Staten Island, iliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo haikuwapo. Streptomisini iligunduliwa mwaka wa 1943. Tiba ilikuwa kupumzika, hewa na chakula.

Teddy Hill alikwenda kumtazama mara kwa mara, akimpelekea kuku na keki vilivyopikwa na mama mmoja wa Harlem aliyewalisha wanamuziki. Inasimuliwa pia kwamba marafiki wengine walimletea starehe zilizomchosha badala ya kumponya. Tarehe 2 Machi 1942 alifariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Mwili wake ulirudishwa Bonham na kuzikwa katika makaburi ya Gates Hill. Alikuwa amekaa katika bendi iliyojulikana Marekani nzima kwa muda usiozidi miaka miwili. Kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina hadi mwaka wa 1994, yaani zaidi ya miaka hamsini baadaye.

8. Warithi

Kama jiwe lilikawia, sauti haikukawia. Mwaka wa 1940, Christian alipokwenda kwao Oklahoma kwa mapumziko, kijana Barney Kessel alipata kupiga naye. Kessel alikuwa amemwiga kwa bidii kubwa. Alipokaa mbele yake alitambua kwamba kila anachokipiga ni cha yule aliye mbele yake, na kwamba akitaka kuwa mwanamuziki hana budi kutafuta chake. Somo hilo lilimfanya awe mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi.

Huko Indianapolis, Wes Montgomery, aliyezaliwa mwaka wa 1923, alisikia Solo Flight baada ya kuoa, akanunua gitaa na kikuza sauti, akajifunza mafungu ya Christian sauti kwa sauti kutoka katika santuri. Kazi yake ya kwanza katika klabu ilikuwa kupiga mafungu hayo kama yalivyo, bila kuongeza lake. Hakuwa na mwalimu wala nota. Mwalimu wake alikuwa marehemu aliyezunguka juu ya sahani. Alipokuja kupata njia yake mwenyewe, akipiga kwa kidole gumba, wapiga gitaa wengine wakaanza kujifunza kwake vivyo hivyo.

Mnyororo huu, Hamilton kwa Christian, Christian kwa Osborne, Kessel na Montgomery, unafanana na mnyororo wa wapokezi katika fasihi simulizi. Kila mpokezi hupokea kwa sikio, hukariri, kisha huongeza lake. Tofauti ni kwamba katika karne ya ishirini santuri iliingia kati ya mnyororo, ikamwezesha mwanafunzi kupokea kutoka kwa mtu asiyepata kumwona.

9. Hitimisho

Maisha ya Charlie Christian yanaonyesha mambo matatu. Kwanza, kipaji chake kilikuwa chake, lakini njia yake ilijengwa na wengi: baba kipofu, mwalimu wa shule, mpiga gitaa wa mtaa, mpiga piano wa kike, tajiri mwenye ushawishi na wenyeji wa klabu ya Harlem. Pili, kila shahidi ana upande wake: Hammond alieleza ugunduzi, Ellison alieleza malezi, na jina la sahani lilieleza wakati usiokuwapo. Anayeandika historia ya wanamuziki hana budi kuwasikiliza wote na kumpima kila mmoja. Tatu, sehemu ya thamani kubwa ya kazi yake ilihifadhiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hakutumwa na mtu.

Jambo hili la tatu halipo mbali na Katanga. Mwaka wa 1952, mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, na kwa sahani hizo sifa za Mwenda zikavuka mipaka ya nchi. Tracey alikuja kutoka mbali na mashine yake. Newman alitoka chuoni, akaingia mtaa wa jirani. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kumekuwa na baa, nyua na nyumba za misiba ambako wapiga gitaa walikesha wakijibizana, na mengi yaliyopigwa humo yalizikwa pamoja na wapigaji. Mashine siku hizi ni nyepesi kuliko ile ya mwaka wa 1941. Inayobaki nzito ni kazi ya kwenda, kukaa hadi usiku wa manane, na kuandika kwa usahihi jina la wimbo na la mtunzi wake.